Bunge la Kaptulwa

Nairobi, 4 Agosti 1991

Mpendwa Senge,

Shangazi yangu, pokea salamu za mtoto wa kaka yako. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha baridi ya Julai hakijaniachilia. Natumaini goti lako limepoa na ng'ombe amezaa salama. Baba anakusalimu kutoka Kisumu. Tangu astaafu reli anashinda akisikiliza redio na kubishana nayo.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Unajua mimi ni mchoraji mdogo katika ofisi hii, na kwa miaka minne nimechora vyoo vya shule na ngazi za magorofa ya watu wengine. Wiki mbili zilizopita mkubwa wangu aliniita, akafunga mlango. Kuna kamati ya watu wazito, sitawataja, inayotaka nchi iwe shirikisho la majimbo, kila jamii ijitawale kwake. Wanataka mchoro wa mji mkuu mpya wa shirikisho hilo pamoja na bunge lake, wauonyeshe siku ikifika. Kazi hiyo nimepewa mimi. Bunge litakuwa la duara, na kila jimbo litakuwa na mlango wake, ili asiwepo wa kumsubiri mwenzake aingie kwanza. Nimeshachora milango minane, na chakula hakishuki kwa furaha.

Na mahali penyewe, Senge, wameamua pawe kwetu, kigongo cha Kaptulwa. Hebu fikiria.

Naomba msaada wako. Mimi nimelelewa katika nyumba za reli, na huko kwetu nakuja tu kwa mazishi na Krismasi. Wewe ndiye katibu wa kokwet, baraza la kigongo, unawajua majirani wote. Nichoree ramani ya kigongo: kanisa, chemchemi, barabara, na kila boma na jina la mwenyewe. Usimwambie mtu kwanza.

Ni mimi, Kipchirchir


Kaptulwa, 27 Agosti 1991

Kipchirchir mwanangu,

Barua yako nimeichukua posta ya Kapkatet nikaisoma nikiwa nimesimama, kwa hiyo ujue goti limepoa kidogo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Majani ya chai yamekuja mengi na lori la kiwanda linachelewa kila siku. Juzi tumeketi senta ya kununulia majani mpaka yakaanza kuwa mekundu ndani ya vikapu. Kikapu changu hubebwa na Zacheus, jirani yangu, kwa sababu ya hili goti. Mkewe Wacuka ameniletea viazi, nami nikampa maziwa ya mursik kutoka kibuyu kipya. Akaonja, akakunja uso, kama anavyoukunja kila mwaka tangu waliponunua shamba hapa wakitoka Murang'a mwaka wa 1968. Halafu akamaliza kikombe.

Habari ya kazi yako nimeisoma. Ukifurahi nami nafurahi. Lakini nimefundisha darasa la nne miaka ishirini na sita, na kuuliza maswali ni mazoea. Kwenye kokwet yetu tunakaa kwenye nyasi, kila mtu anayeishi kigongo hiki, awe alizaliwa hapa au alihamia. Zacheus anakaa nasi. Alfayo, mwenyekiti wetu, alipogombana na ndugu yake juu ya mpaka, ni Zacheus aliyewapatanisha, kwa Kikipsigis chake chenye lafudhi ya Murang'a. Sasa niambie, katika bunge lako la milango minane, Zacheus ataingilia wapi?

Ramani ndiyo hii. Nimeichora kwa alasiri tatu, uso nimeuelekeza jua linakotoka, jinsi watu wa huku wanavyokaa wakitaka kusema jambo sawasawa. Maboma ni thelathini na moja. Nimeyaandika yote, majina kamili na kila mtu alikotoka, kama rejista ya darasa. Swali langu usilisahau.

Senge wako, Rodah


Nairobi, 22 Septemba 1991

Mpendwa Senge,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imenibana mpaka nywele sijanyoa. Hongera kwa ndama. Kikohozi kimekwisha.

Ramani yako imesifiwa sana. Mkubwa wangu alisema hajaona mtu wa ofisi aliyechora maboma kwa uangalifu namna hiyo. Wale wa kamati wameomba wakae nayo siku chache. Mimi nimekwisha kuinakili kwenye karatasi safi, na juu yake nimechora mji. Nakutumia nakala uone. Bunge liko kaskazini ya kanisa, pale penye boma la Zacheus. Ni mahali pazuri, pana mteremko mzuri wa maji. Bila shaka atalipwa fidia, lakini usimwambie bado.

Kuhusu swali lako, nimelipeleka kwa mkubwa. Anasema watu wenye jimbo lao mahali pengine watatumia mlango wa wageni. Ni mlango mzuri, Senge, nimeuwekea kivuli. Kamati iliniuliza maswali madogo madogo juu ya maboma, nami nikawajibu. Ni mambo ya kawaida tu katika kazi hii.

Kipchirchir


Kaptulwa, 13 Oktoba 1991

Kipchirchir,

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Ndama anaruka ruka. Mvua imepungua na majani pia.

Jana kulikuwa na mkutano mkubwa wa majimbo. Nilikwenda na Alfayo. Msemaji mmoja alisema wakati umefika kila mtu ajue kwao ni wapi, na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya waliokuwa wakipiga. Wengine nimewafundisha kuandika kwa mikono hiyo.

Zacheus hajaja kokwet mara mbili. Kikapu changu bado anakibeba, lakini anatembea mbele peke yake njia nzima. Leo baada ya ibada Wacuka alinishika kando akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tulikosea nani?" Nikamwambia hakuna aliyekosewa. Halafu nikaona aibu, maana barua yako ilikuwa ndani ya Biblia yangu.

Mchoro wako nimeutandika mezani nikautazama sana. Nikatoka nje nikatazama kigongo, nikarudi nikautazama tena. Kuna jambo nimeliona ndani yake na sitaliandika. Nataka ramani yangu irudi. Na huo mlango wa wageni ni wa wageni. Zacheus amezika watoto wawili hapa.

Rodah


Nairobi, 24 Novemba 1991

Mpendwa Senge,

Najua umengoja. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Sitaki kukudanganya kwamba ni mzima, kwa sababu nimesoma gazeti juu ya nyumba za waliohamia zilizochomwa kule mpakani mwa mkoa.

Kuna mambo mawili sikukueleza. La kwanza, si wao waliochagua Kaptulwa. Walitaja sehemu mbili zingine. Mimi ndiye niliyesema Kaptulwa ingefaa zaidi. Nilitaka siku moja nionekane mtu wa huko. Nilitaka nikija pasiwe tena na mtoto wa kuniuliza mimi ni wa nani.

La pili ni baya. Yale maswali madogo madogo yalikuwa ni maboma yapi ni ya watu waliotoka nje. Wewe ulikuwa umeandika kila kitu, sikuhitaji hata kufikiri. Nikasema saba. Wakaniambia niyawekee maboma hayo alama nyekundu kwenye ile nakala safi, nami nikaweka. Nilitumia rula. Wiki iliyopita nilimuuliza mkubwa wangu alama zile ni za nini hasa, akaniambia, "Kijana, wewe chora milango." Sasa wanasema kuna vijana watatumwa kuja kuweka rangi kwenye nyumba zenyewe, na wenye nyumba wapewe siku za kuondoka.

Naogopa, Senge. Nikiacha kazi hawatanirudishia karatasi, na nikisema popote watajua ni mimi. Mwambie Zacheus aende kwa dada yake Nakuru kwa muda. Tafuta sababu yoyote. Na uniambie ni jambo gani uliloliona kwenye mchoro.

Kipchirchir


Kaptulwa, 8 Desemba 1991

Kipchirchir,

Nimekasirika. Nimengoja siku tano nione kama hasira itapungua, haikupungua, kwa hiyo nakuandikia nayo. Nilikupa majina ya majirani zangu kwa sababu wewe ni damu yangu. Majina yale ni ya kuitana kwenye harusi na kwenye mazishi. Nami nina kosa langu. Niliandika kila mtu alikotoka bila hata kujiuliza ni kwa nini, kwa kupenda tu rejista iliyojaa vizuri. Kwa hilo sikulaumu wewe, lakini linanichoma.

Sikutafuta sababu yoyote ya kumdanganya Zacheus. Nilikwenda kwao nikawaambia yote, pamoja na kwamba mwandiko ni wangu. Wacuka akauliza, "Ni wewe uliandika, Mwalimu?" Nikasema ni mimi. Akainuka, nikadhani ananitoa. Akaleta chai, akanimiminia mpaka ikamwagika kwenye sahani. Hatukunywa.

Zacheus amekataa kwenda Nakuru. Anasema akiondoka mwenyewe, itasemwa kwamba hata yeye alijua si kwake. Amewapeleka wajukuu tu. Alfayo aliita kokwet, wakaja watu tisa. Wengine walikuwa na wagonjwa nyumbani, wote siku moja.

Lile jambo la mchoro usiniulize tena. Goti limerudi kuuma.

Rodah


Nairobi, 12 Januari 1992

Mpendwa Senge,

Barua hii anakuletea Nyanchoka, mpiga chapa wa ofisi yetu. Anapanda basi la Kisii na atashuka Kapkatet kwa ajili yangu. Sitaki ipitie posta. Salamu nitaziweka siku nyingine.

Ramani yako imerudi. Kamati wamebaki na nakala yangu safi, ile yenye alama. Mkubwa aliniuliza mbona chemchemi kwenye mchoro haiko mahali ilipo kwenye ramani ya serikali. Nikaiweka yako na hiyo ya serikali mezani, na hakuna kilicholingana. Nikaigeuza yako, nikaigeuza tena, ndipo nikaelewa. Juu ya karatasi wewe uliweka mashariki, jua linakotoka. Mimi nilisoma kama tulivyofundishwa chuoni, kwamba juu ni kaskazini. Mtoto aliyekulia huko angejua kwa kuangalia tu. Mji wangu wote umegeuka robo.

Zacheus yuko mashariki ya kanisa. Mimi nimemweka kaskazini. Kaskazini ya kanisa ni kwako, Senge. Bunge nimelichora juu ya nyumba yako, na alama nyekundu ya Zacheus iko mlangoni pako. Zile alama sita nyingine zimeangukia kwa Alfayo, kwa mchungaji, na kwa watu wengine ambao ni wetu.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nisawazishe mchoro na ile nakala, kabla vijana hawajatumwa. Nikisawazisha watafika kwa Zacheus. Nikiacha watafika kwako. Niambie nifanye nini, maana mimi siwezi kuchagua.

Kipchirchir


Kaptulwa, 19 Januari 1992

Kipchirchir mwanangu,

Usisawazishe kitu.

Niliona tangu siku ile uliponitumia mchoro. Nilisimama mlangoni na karatasi yako mkononi, nikaona nimesimama ndani ya bunge. Ulipoungama juu ya zile alama, nikajua zimegeuka pamoja na mji. Nilinyamaza kwa sababu ningekuandikia ungesawazisha, wewe ni mtu wa kupenda mistari iliyonyooka. Ulizaliwa kwa haraka, ndiyo maana ukaitwa Kipchirchir, na haraka yako safari hii imetufaa.

Usifikiri nimewauza wenzangu. Nimekwenda kwa wote sita, mmoja mmoja, na hili goti. Alfayo alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Wacha hiyo rangi ikuje kwangu. Mimi watanifukuza niende wapi?" Watatu wengine wakakubali kwa namna zao. Mmoja alikataa, ana watoto wadogo, mkewe akamwambia anyamaze na akanyamaza. Mchungaji bado anamwomba Mungu ampe jibu. Zacheus na Wacuka sijawaambia hili. Wangekataa, halafu tungebaki kubishana mpaka siku yenyewe.

Umpe mkubwa wako mchoro kama ulivyo. Wala usije huku.

Senge wako, Rodah


Nairobi, 2 Februari 1992

Mpendwa Senge,

Salamu nyingi, na leo nazituma nikiwa na amani kidogo.

Nimewapa hivyo hivyo. Nilimwambia mkubwa kwamba ramani ya serikali ni ya zamani na chemchemi huhama. Aliniamini, kwa sababu naye hajawahi kuchota maji. Ramani yako ya mkono nimeichoma kwenye jiko langu la makaa, nikakaa hapo mpaka ikaisha. Ilikuwa ramani sahihi kuliko zote nilizowahi kushika, na nilisikia uchungu.

Lakini tangu hapo sili vizuri. Mchana kutwa naona nyumba yako. Kwa nini nisije? Naweza kusimama mlangoni nikawaambia mimi ndiye niliyechora. Niruhusu, Senge.

Kipchirchir


Kaptulwa, 15 Februari 1992

Kipchirchir,

Nyanchoka amepita kunisalimu akirudi Nairobi na gari linamngoja barabarani, kwa hiyo nakueleza upesi.

Wamekuja. Ilikuwa juzi Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa naanika mahindi. Vijana wanne, wana karatasi yako na dira. Si wa huku, hakuna hata mmoja niliyemfundisha. Walinisalimu kwa Kikipsigis. Ulimi ulitaka kuitikia wenyewe, nikauma meno. Nikawajibu kwa Kiswahili.

"Hii ni boma ya Zacheus?" mmoja akauliza.

"Ndio."

Akaangalia karatasi. "Na wewe ndio Wacuka?"

Miaka ishirini na sita nimewachapa watoto kwa kusema uongo. Nikamwambia, "Ndio mimi." Hakunitazama hata usoni. Wakapaka alama kubwa nyekundu kando ya mlango na kusema mpaka Jumatatu tuwe tumetoka, mtu akibaki asilaumu mtu. Wakaenda kwa Alfayo na kwa wale wengine. Mchungaji alikuwa safarini. Mkewe alisimama uani akawatazama wakipaka ukuta wake bila kuwaambia wamekosea nyumba. Kwa Zacheus walipita njiani, mkono wa kushoto, wakaendelea.

Jana kokwet ilijaa. Walikuja hata wale waliopiga makofi kwenye mkutano, wakakaa wakitazama nyasi. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri kwa Alfayo na watoto walikuwa wameigusa, vidole vyekundu. Tumekubaliana Jumatatu watu wote watakuwa nje tangu asubuhi, kila mtu mahali anapoonekana. Zaidi ya hapo hatujui. Huenda wakija wengi wasiulize kitu. Huenda wakigundua nimewadanganya iwe mbaya zaidi. Naogopa, Kipchirchir. Sikutaka kukuandikia neno hilo miezi yote hii, lakini ndivyo ilivyo.

Zacheus na Wacuka walijua walipoiona rangi. Zacheus alisimama mbele ya ukuta kofia ikiwa mkononi. Jana jioni Wacuka alikuja na godoro mgongoni na sufuria mkononi. Nikamwambia arudi kwake, kwamba nyumba yake haina alama na ndiko atakuwa salama, na kwamba mimi ni mtu wa hapa, nikibanwa sana nitasema jina langu. Akaliweka godoro chini, akavua viatu.

"Mwalimu," akasema, "si uliwaambia Wacuka anakaa hapa? Basi nimekuja kukaa."

Nimebishana naye usiku na asubuhi. Ameshafagia jikoni na kupanga vitu vyangu vibaya. Zacheus naye ameleta ng'ombe wake, wamefungwa na wangu.

Uliniomba ruhusa, nikakunyima. Sasa nakupa. Kama unakuja, panda gari la kesho alfajiri. Ukishuka njia panda usiulize kwa Mwalimu Rodah, hujui ni nani anasikiliza. Uliza kwa Wacuka. Tuko wawili hapa, yeyote atakuitikia.

Senge wako